Ukiishiwa na Mawazo, Irudie Kazi Yako

Hotuba hii niliitoa hapa Kisumu mbele ya mkusanyiko wa mafundi, walimu, wanamuziki na waandishi. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, walimu wenzangu, mafundi, dada na kaka zangu, na ninyi vijana mliosafiri kutoka Nakuru, Kakamega na Kisii: hamjambo?

Nawashukuru waandalizi kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa mada waliyonipa. Mara nyingi tukikutana namna hii huwa tunazungumzia masoko, mikopo na bei za vifaa, na ni haki tuyazungumzie, kwa sababu ndiyo yanayotulisha. Leo nimeombwa nizungumzie jambo ambalo fundi hulikabili akiwa peke yake, mlango ukiwa umefungwa: ule wakati ambapo mikono ipo, vifaa vipo, mteja yupo, na wazo halipo.

Mnaijua hali hiyo? Mteja ameleta kitenge chake kizuri, amekikunjua mezani, akakwambia, "Nishonee kitu ambacho sijakiona kwa mtu mwingine," kisha akaenda zake. Unabaki umekitazama kitambaa, nacho kimekutazama. Au wewe ni mwalimu, kesho una kipindi cha ngeli za nomino, somo ambalo umelifundisha tangu ulipotoka chuoni, na unajua kabla hujaingia darasani ni nani atakayesinzia na atasinzia dakika ya ngapi. Au wewe ni mama wa nyumbani, jua linazama, watoto wanauliza tunakula nini, na jibu lililoko ni lile la jana na la juzi. Naomba tusiitenge kazi hiyo ya jikoni. Mtu anayewaza kila siku atapika nini kwa vitu vichache alivyo navyo anatumia akili ileile anayoitumia mchongaji mbele ya jiwe, na akiishiwa, huishiwa vilevile.

Sasa, tukiishiwa huwa tunafanya nini? Wengi wetu hungoja. Tunasema ilhamu haijaja. Wengine hushika simu, wakaanza kutazama kazi za mafundi wa Lagos na Accra, na baada ya saa nzima wakaiweka simu chini wakiwa wamejaa kazi za watu na wamepungukiwa na zao. Ndugu zangu, ilhamu ni mgeni mwema, na akija tumkaribishe kwa mikono miwili. Lakini ni mwenye nyumba gani anayeacha kuwasha moto jikoni mpaka mgeni abishe hodi?

Nimekuja na neno moja, nami nitalirudia mpaka mlichoke. Ukiishiwa, rudia. Chukua kazi uliyokwisha kuifanya, ile unayoijua kwa mikono yako, uifanye tena, na ndani yake ubadilishe kitu kimoja. Kimoja tu. Usibadilishe viwili.

Najua neno hilo halipendezi masikioni. Tumefundishwa kwamba kurudia ni uvivu, na kwamba mbunifu wa kweli kila asubuhi huanza upya. Mimi nimeketi na mafundi wengi, na sijamwona anayeishi hivyo.

Kuna mama mmoja, fundi wa nguo, mwenye kibanda upande wa Kondele. Kila Januari hushona sare za shule: shati baada ya shati, marinda baada ya marinda, kola ileile, mfuko uleule upande wa kushoto. Nilimuuliza kama kazi hiyo haimuui akili. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama kutembea humharibia miguu. Akanieleza kwamba miezi inayofuata, mteja anapoleta kitenge na kumtaka kitu kipya, naye hana hata wazo moja, huwa hatafuti kitu kipya. Hulitoa gauni la mwisho alilolishona, au karatasi aliyolikatia, akalitandika mezani na kujiuliza swali dogo: leo nibadilishe nini hapa? Akiamua ni shingo, basi kiuno, mikono na urefu vinabaki kama vilivyokuwa, na akili yake yote inakwenda kwenye shingo.

Siku niliyokuwa pale alikuwa ameamua kukata kipande cha mbele kimshazari, badala ya kukikata kwa kufuata uzi wa kitambaa. Hilo tu ndilo lililobadilika. Kitambaa kilichokatwa kimshazari huvutika na kulegea, kwa hiyo kipande kile hakikukaa kifuani kama kilivyozoea kukaa. Kilianguka kwa mikunjo laini ambayo hakuipanga. Akasimama, akaitazama, akaishika kwa vidole viwili, akaona kwamba mikunjo ile inahitaji shingo iliyo wazi zaidi. Shingo ilipofunguka, mikono nayo ikaonekana mipana mno. Hapo ndipo gauni jipya lilipozaliwa, mbele ya macho yangu, kutoka katika gauni la zamani. Niwaulize: ilhamu ilifika saa ngapi? Ilifika baada ya mkasi.

Nimelitafakari sana jambo hili, na naamini sababu yake si ya ajabu. Ukiiambia akili yako, "Nipe kitu kipya," umeipa dunia nzima ichague, nayo haijui ishike wapi. Ukiiambia, "Shingo hii iwe ya namna gani?" umeipa mahali pa kushika. Akili hupenda swali dogo. Na swali dogo likijibiwa huzaa lingine, na hilo la pili huwa hulitungi wewe. Linatoka ndani ya kazi yenyewe.

Niruhusuni niwachukue mbali kidogo. Mfinyanzi Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kusomea sanaa, na huko ndiko alikokutana na udongo kama kazi ya maisha. Baadaye alikwenda Abuja, Nigeria, mji ambao leo unaitwa Suleja, akakaa na wafinyanzi wanawake na kujifunza kwao kujenga chungu kwa mkono. Leo vyungu vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya Dame, cheo cha juu wanachotunukiwa wanawake.

Na je, anafinyanga nini? Anafinyanga chombo. Tumbo la mviringo, shingo inayopanda, mdomo unaofunguka. Hatumii gurudumu la kuzungushia udongo, wala hapaki rangi ya kioo juu ya udongo. Hujenga kwa mikono, hupaka udongo mwororo uliochujwa, husugua mpaka chombo king'ae, kisha hukichoma. Akikichoma mahali penye hewa ya kutosha, chombo hutoka na rangi ya machungwa inayokaribia wekundu. Akikichoma tena pamoja na vitu vinavyotoa moshi, huku hewa ikiwa imezuiwa, hugeuka cheusi. Rangi mbili, na umbo ambalo amelirudia kwa miongo mingi. Lakini weka viwili vyake kando kwa kando: shingo ya hiki imeinama kidogo kama mtu anayesikiliza, na tumbo la kile limebeba vijitundu vidogo mahali ambapo hukutarajia kitu chochote. Huwezi kusema ni kimoja. Mtu anaweza kutumia maisha yake yote akiuliza swali moja kuhusu shingo ya chungu, na swali hilo lisimwishie.

Na tusilione jambo hilo kama la mbali, kwa maana wafinyanzi wanawake wa Nyanza wamejenga agulu, yaani chungu, kwa mkono, bila gurudumu, tangu zamani. Mikono iliyolijua umbo moja kabisa ndiyo inayogundua lilipobadilika kwa upana wa kidole. Mikono migeni haigundui. Kwa hiyo nasema tena: ukiishiwa, rudia.

Jambo langu la pili ni mipaka. Watu wengi wanaokwama huniambia, "Mwalimu, ningepata muda zaidi, vifaa zaidi, uhuru zaidi, ningefanya makubwa." Huenda. Lakini mimi ni mtunzi wa mashairi ya arudhi, yale ya vina na mizani, na hapa nitatoa ushahidi kutoka katika kazi ninayoijua vizuri zaidi.

Mnajua tarbia ilivyo: mishororo minne katika kila ubeti, na kwa kawaida kila mshororo una mizani, yaani silabi, kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule, vina katikati na vina mwishoni. Vijana wengi wanaiona kama jela. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anataka kuandika juu ya wavuvi wanaorudi ufuoni asubuhi, shairi la furaha, samaki wengi, watu wakishangilia. Alianza vizuri:

Ziwa limekuwa shwari, wavuvi wamerejea,
Nawatazama kwa ari, samaki wakipakua,

Kisha akakwama. Furaha yake ilikuwa imekwisha kusemwa yote katika mishororo miwili. Nilimwomba aliache wazo lake kwa muda, achukue karatasi nyingine na aorodheshe maneno yote anayoyajua yanayoishia na "ri". Akaandika: habari, fahari, bandari, hatari, safari, tajiri. Alipofika kwenye neno "tajiri" kalamu ikasimama. Kwani tajiri ni nani pale ufuoni? Ni yule mwenye mtumbwi, ambaye hakwenda ziwani usiku, na ambaye ana fungu lake katika samaki wale. Kijana huyu baba yake ni mvuvi asiye na mtumbwi wake mwenyewe. Alikuwa analijua jambo hilo tangu utotoni, na katika wazo lake la furaha halikuwa na mahali pa kuingilia. Akaandika:

Mwenye mtumbwi tajiri, yeye hakulala njaa,

Hebu hesabuni mizani wenyewe, imetimia. Lakini angalieni kilichotokea kwa shairi. Limegeuka. Lilikuwa picha ya asubuhi njema ziwani, na sasa ni shairi lenye swali la haki ndani yake. Nani aliligeuza? Si ilhamu, kwa sababu ilhamu ilikuwa imemwacha mezani. Ni kina. Ile silabi moja, "ri", iliyokuwa inamfunga, ndiyo iliyokwenda kumtafutia ukweli ambao yeye mwenyewe asingeuendea. Tangu siku hiyo sijamruhusu mwanafunzi yeyote alaumu vina mbele yangu.

Wanamuziki mlio hapa mnalijua hili kuliko mimi. Nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ina nyuzi nane. Hakuna aliyeongeza ya tisa ili apate wimbo mpya. Mpigaji huketi chini, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na njuga mguuni, na kwa nyuzi nane, pete moja na sauti yake mwenyewe anaweza kusifu, kuomboleza na kumsema mtu usiku kucha. Nayo orutu ina uzi mmoja tu na upinde wake. Uzi mmoja! Basi wewe uliyekwama, jipunguzie. Mshonaji, tumia kitambaa cha aina moja. Mchoraji, tumia kalamu ya risasi peke yake wiki hii. Mwalimu, fundisha zile ngeli kwa kutumia vitu vilivyomo mifukoni mwa wanafunzi, na usiandike ubaoni hata neno moja mpaka nusu ya kipindi. Mama jikoni, una mrenda uleule. Jana uliupika na kunde, leo uchanganye na majani ya maboga, na vingine vyote uviache kama vilivyo.

La tatu litatupeleka Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria.

Ninyi mliokulia hapa hamhitaji kuelezwa gugu maji ni nini. Asili yake ni Amerika Kusini, na tangu miaka ya 1990 limekuwa likija na kuondoka kwenye ghuba yetu kadiri upepo na mvua zinavyolisukuma. Limewahi kufunga njia za mitumbwi, likanasa nyavu, likawafanya wavuvi wakae ufuoni na kulitazama. Kwa miaka mingi tulilitazama kwa namna moja tu: kwa hasira. Na hasira hiyo ilikuwa ya haki.

Lakini wapo waliolitazama tena. Walilitazama kwa karibu. Ukilivunja bua la gugu maji, ndani utakuta limejaa vyumba vidogo vidogo vya hewa, na ndiyo sababu linaelea. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo ukilianika juani husinyaa mpaka bua nene kama kidole gumba libaki utepe mwembamba, wa rangi ya kahawia, unaopinda bila kukatika. Mtu wa kwanza kuushika utepe huo na kuusokota alikuwa anafanya jambo ambalo mikono yake ililijua tayari, kwa sababu watu wa ziwa wamesuka vikapu na mitego ya samaki kwa mafunjo na matete tangu enzi za mababu. Ususi ulikuwa uleule wa zamani, na kilichobadilika ni kimoja tu, ile malighafi. Leo kwa gugu hilo hutengenezwa vikapu, mikeka ya mezani, karatasi za kadi, na viti ambavyo fremu yake ni ya mbao au chuma na mwili wake wote ni gugu lililosukwa.

Sisemi kwamba ususi umelimaliza gugu, maana halijaisha, na anayedhani vikapu vitasafisha ghuba anajidanganya. Nasema kwamba kitu tulichokuwa tunakilaani kila asubuhi kilikuwa na kazi ndani yake, na aliyeiona ni yule aliyeinama. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Unapoishiwa, mara nyingi huwa umevizoea sana vile vitu vilivyokuzunguka hata huvioni tena. Kwa hiyo chukua kimoja, hasa kile kinachokuudhi, ukae nacho. Kivunje. Kinuse. Kiandike kilivyo, bila kukisifu. Mchongaji wa Tabaka kule Kisii hafiki na sanamu kichwani akalilazimisha jiwe. Hulizungusha kwanza, akatafuta mishipa yake na mahali litakapopasukia, maana jiwe lenye ufa likikatwa vibaya humeguka na kazi ya siku nzima imepotea. Hebu tufanye hivyo na siku zetu.

Niseme mawili mengine kwa haraka. Weka akiba wakati wa neema. Kuna wiki ambazo mawazo huja manne kwa mpigo, nawe unaweza kulitumia moja. Yale matatu yako wapi? Fundi wa Kondele niliyemtaja ana gunia la vipande vilivyobaki, na kila kipande anakumbuka kilitoka kwenye nguo gani. Mwandishi awe na daftari, na mpishi ajiandikie alichokichanganya jana kikapendeza. Usiamini kumbukumbu, kwa sababu siku ya ukame ndiyo siku ambayo kumbukumbu nayo hukataa.

La pili nalisema kwa uzito. Si kila ukame ni wa mawazo. Wapo kati yetu waliokaukiwa kwa sababu wamefiwa, au wana madeni, au hawajalala vizuri kwa muda mrefu. Mtu wa namna hiyo usimwambie arudie wala abadilishe. Mwambie alale. Mpelekee chakula, mshikie kazi yake ya wiki hii, umlindie wateja wake wasihame. Tusiuite uvivu kile ambacho ni uchovu, na tusijifanyie ukatili huo sisi wenyewe. Atakapokuwa amepumzika, kazi aliyoijua kwa mikono yake ndiyo itakayokuwa rahisi zaidi kuianza, kuliko kazi yoyote mpya.

Mabibi na mabwana, kwenye mwaliko mliombwa mje na kazi moja mliyokwisha kuimaliza zamani: nguo, shairi, kikapu, mpango wa somo, hata karatasi yenye maelezo ya chakula mlichokipika. Naona wengi mmezibeba. Baada ya chai tutagawanyika kwenye meza zile nne za nyuma, na kila mmoja atamweleza jirani yake kazi aliyoileta na kitu kimoja anachokusudia kukibadilisha. Jirani asimpe ushauri. Amwulize maswali tu. Kisha mtafanya kazi kwa saa mbili, hapahapa, na washonaji mtapata cherehani mbili tulizoazimwa. Aliyekuja mikono mitupu aje kwangu, nina mishororo mitatu hapa inayosubiri wa nne.

Asanteni sana. Chai iko tayari.